Simu kwenye sidiria: majibu yangu kwa mabinti wa chuo

Hotuba niliyoitoa Tanga, mbele ya wanafunzi wa kike wa chuo cha ualimu. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimepunguza pale nilipojirudia.

Mkuu wa chuo, walimu, mama matroni, shikamooni. Wanangu, habari za mchana. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa bahasha.

Wiki iliyopita nilimwomba matroni awaambie muandike maswali yenu, pasipo majina. Akaniletea bahasha ya kaki imejaa vikaratasi vilivyochanwa kwenye madaftari. Nilivisoma usiku, kimoja baada ya kingine, na hotuba niliyokuwa nimeiandaa nikaiweka kando. Zaidi ya nusu vinauliza jambo moja kwa miandiko tofauti: mbona siku hizi wasichana wadogo wanapata kansa, na je, si hii mionzi? Mmeuliza mnara wa simu ulio nyuma ya bweni. Mmeuliza kulala na simu chini ya mto. Mmeuliza eksirei ya kifua mliyopigwa mlipokuja kusajiliwa. Na mmoja wenu ameandika kwa wino mwekundu: "Mimi naweka simu kwenye sidiria tangu kidato cha tatu, kwa sababu magauni yangu hayana mfuko. Je, nimeshaliharibu titi langu?"

Mwanangu uliyeandika, usinyooshe mkono. Nakujibu wewe kwanza: hapana, hujaliharibu. Ukitaka kuitoa simu hapo itoe, maana inashika joto na jasho, lakini usiitoe kwa kuogopa kansa, na wala usilale macho kwa ajili ya miaka iliyopita.

Sasa mniruhusu nieleze ninavyojua. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya mionzi miaka 22, kwanza nikipiga picha, baadaye upande wa tiba.

Tatizo letu linaanzia kwenye neno. Kiswahili kimetupa neno moja, mionzi, tukalitwika mizigo isiyolingana. Jua lina mionzi. Simu ina mionzi. Eksirei ni mionzi. Bomu la Hiroshima lilikuwa na mionzi. Mtu anayesikia neno hilohilo kila mahali ana haki ya kuogopa kila mahali. Lakini sisi kazini tunaigawa mara mbili. Ipo mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na kukata vinasaba ndani ya chembe hai. Hiyo tunaiita mionzi ayonisha: eksirei, miale ya gama, na ile itokayo kwenye madini kama radiamu na urani. Na ipo isiyo na nguvu hiyo: mawimbi ya redio, ya simu, ya maikrowevu. Hii ya pili ikizidi sana inapasha joto, basi.

Wengi mmekua mkiangua maembe kwa mawe. Embe liko juu, na mawe yako yanaishia katikati ya mti. Utarusha mawe 10, utarusha 1,000, utashinda hapo mpaka magharibi, embe halianguki, kwa kuwa hakuna hata jiwe moja linalolifikia. Mwenzako mwenye mkono wa nguvu anarusha moja tu, linafika. Mawimbi ya simu ni mawe yasiyofika. Kulala nayo usiku kucha ni kuongeza idadi ya mawe, na idadi haisaidii kitu. Eksirei ni jiwe linalofika. Ndiyo maana hata moja tunaihesabu.

Najua mtaniambia mmesoma kwenye simu zenu kwamba simu "huenda" zinaleta kansa. Ni kweli neno hilo lilisemwa. Mwaka 2011 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulioko Lyon, Ufaransa, uliyaweka mawimbi ya simu katika kundi liitwalo 2B, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo na bado vinachunguzwa. Uchunguzi ukaendelea. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 63, na haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia zaidi ya miaka 10. Habari ya 2011 ilifika kila kijiwe. Ya 2024 wengi wenu mnaisikia kwangu leo. Kuhusu mnara wa nyuma ya bweni, ipo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kupima minara ni sehemu ya kazi yake. Uongozi wa chuo uiandikie barua, waje wapime, namba zibandikwe ukutani mzione. Hilo naliunga mkono, kwa sababu mtu aliyeuliza anastahili kuonyeshwa.

Lakini sikuja hapa kuwaambia mionzi haina neno. Mnaona hiki nilichokibandika kwenye kola? Ni kidude kidogo kama kitambulisho, hakina taa wala mlio. Kila anayefanya kazi yangu anacho. Kinakusanya hesabu ya mionzi inayonifikia, na baada ya miezi mitatu kinapelekwa kusomwa. Dunia imekubaliana kwamba mfanyakazi kama mimi asizidishe wastani wa milisivati 20 kwa mwaka (milisivati ni kipimo cha mionzi inayomfikia mtu mwilini), na mtu wa kawaida asizidishiwe na kazi zetu zaidi ya 1. Kanuni hizo hazikushuka zenyewe. Zina watu waliozilipia kwa miili yao, na baadhi yao walikuwa wasichana wa umri wenu. Nataka niwasimulie, na kwenye hili nitakaa.

Ni mwaka 1917, mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani. Vita ya Kwanza inaendelea, na askari wanataka saa zinazosomeka gizani kwenye mahandaki. Kampuni moja inatengeneza rangi yenye radiamu, madini ambayo Marie Curie na mumewe Pierre waliyagundua mwaka 1898. Rangi hiyo inang'aa yenyewe. Wanaajiriwa wasichana, wengine wana miaka 15 tu, kupaka tarakimu kwenye nyuso za saa. Tarakimu ni ndogo na brashi hutanuka ncha, kwa hiyo walifundishwa kuichongoa kwa midomo: itie mdomoni, ichovye kwenye rangi, upake. Walilipwa kwa idadi ya nyuso za saa walizopaka, basi anayetaka mshahara mzuri harudi nyuma. Itie mdomoni, ichovye, upake, kutwa nzima, na kila mara anameza kidogo.

Waliuliza. Hilo nataka mlijue. Waliuliza kama ile rangi haina madhara, wakaambiwa haina. Jioni wakirudi nyumbani nywele na nguo zao ziliwaka gizani. Wengine walijipaka kwenye kucha na kwenye meno kabla ya kwenda dansi. Na katika jengo hilohilo wanakemia wa kampuni walikuwa wakiishika radiamu kwa koleo, wamejikinga.

Mwili hauijui radiamu, unaidhani kalsiamu, unaipeleka kwenye mifupa. Ikifika huko inakaa na kuchoma kutoka ndani kwa miaka. Msichana mmoja, Mollie Maggia, alianza kuumwa jino. Likang'olewa, kidonda hakikupona. Likang'olewa la pili, la tatu. Siku moja daktari wake wa meno aligusa taya lake kwa upole, na mfupa ukamvunjikia mkononi. Alifariki Septemba 1922, akiwa na miaka 24. Kwenye cheti cha kifo waliandika kaswende.

Kaswende. Binti aliyemeza rangi ya mwajiri wake alizikwa kwa jina la ugonjwa wa zinaa, na kampuni haikusita kuitumia aibu hiyo dhidi ya wenzake. Mwaka 1927 kaburi lake lilifukuliwa. Haikuonekana kaswende, ila mifupa yake ilikuwa bado inatoa mionzi. Mwenzake, Grace Fryer, alihangaika miaka miwili kumpata wakili wa kumtetea. Siku ya mahakamani, Januari 1928, baadhi yao hawakuweza kuinua mkono kula kiapo. Walikuwa watano. Juni mwaka huo kampuni ikakubali kulipa kila mmoja dola 10,000 na dola 600 kila mwaka wa uhai wake uliobaki. Miaka hiyo haikuwa mingi. Lakini kutokana na kesi yao, na za wenzao wa Illinois waliofuata, ndipo vikaanza kuwekwa viwango vya kumlinda anayeshika madini hayo kazini. Kila nikibandika kidude hiki asubuhi, nawakumbuka.

Nitalirudia lile neno kaswende. Lishikeni.

Miaka ya 1920 radiamu nyingi ya dunia ilianza kutoka Afrika, kwenye mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, nchini Kongo, ambako watu wanazungumza Kiswahili. Mgodi huohuo ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji wetu hawakupewa vidude vya kola, wala sijaona kumbukumbu zao zikiandikwa kwa uzito kama za wasichana wa New Jersey. Huko Japani, kwa upande mwingine, manusura waliandikishwa na kufuatiliwa maisha yao yote, watu wapatao 120,000 pamoja na wale wa kulinganisha nao. Kutokana na daftari hilo tumejifunza jambo linalowahusu nyinyi moja kwa moja: kwa saratani ya titi, waliodhurika zaidi ni waliokuwa wasichana chini ya miaka 20 siku ya bomu. Titi likiwa bado linajengeka, chembe zake zinagawanyika kwa kasi, na jiwe likifika wakati huo linaacha alama. Ugonjwa wenyewe haukuja kesho yake. Ulingoja miongo, mpaka wale mabinti wakafikia umri wa kina mama.

Jambo hilohilo lilionekana kwa wasichana waliougua kifua kikuu huko Massachusetts na Kanada kabla dawa hazijaenea. Kila wiki chache walisimamishwa mbele ya mashine ya eksirei daktari akaangalie pafu, na wengine walifanyiwa hivyo zaidi ya mara 100. Miaka mingi baadaye wakaugua saratani ya titi kuliko wenzao wasiopigwa.

Kwa hiyo aliyeuliza habari ya eksirei ya usajili hakuuliza upuuzi. Jibu lake liko kwenye kipimo. Picha moja ya kifua haifiki hata milisivati 0.1. Binadamu wa kawaida duniani hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga, hata asipokanyaga hospitali. Eksirei yako ya usajili ni sawa na siku chache za kuishi tu. Siti skani ya tumbo, ile mashine ya duara inayopiga eksirei nyingi kwa mara moja, ni jambo jingine. Hiyo inaweza kufika 8 au 10, yaani miaka mitatu minne ya kuishi kwa dakika chache. Ukiihitaji, pigwa, inaokoa maisha. Nimeona mabinti waliopasuka utumbo wakaokolewa nayo usiku huohuo. Lakini uliza. Mwambie daktari: picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu yangu? Nilipiga nyingine mwezi uliopita, haiwezi kutumika hiyohiyo? Ultrasaundi haitoshi? Ultrasaundi ni sauti, haina mionzi kabisa. Na kama hedhi imechelewa hata siku mbili, sema kabla hujapanda kwenye kitanda. Mlangoni kumeandikwa "Kama una mimba toa taarifa," na najua wasichana wanaona haya kusema mbele ya fundi mwanamume. Omba fundi mwanamke. Kama hayupo, mwandikie kwenye karatasi, kama mlivyoniandikia mimi.

Mmoja ameuliza kuhusu Chernobyl. Nitapita haraka. Aprili 1986 tanuri la nyuklia lililipuka huko Ukraine, iodini yenye mionzi ikaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Kufikia 2005 zilihesabiwa zaidi ya kesi 6,000 za saratani ya tezi ya shingo kwa waliokuwa watoto na vijana wakati ule, wasichana wakiwa wengi kuliko wavulana. Kwa bahati ni saratani inayotibika, na waliokufa kwayo hadi mwaka huo walikuwa 15. Hapo mionzi ilikuwa na hatia, pasi shaka. Lakini Korea Kusini pia saratani hiyohiyo ilipanda, hata ikawa kufikia 2011 wanagundua mara 15 ya waliokuwa wanagundua mwaka 1993, na hakukuwa na mlipuko wowote. Watu walikuwa wanapimwa shingo kwa ultrasaundi katika uchunguzi wa kawaida wa afya, vivimbe vidogo ambavyo visingemsumbua mtu maisha yake yote vikaonekana vikahesabiwa. Vifo havikupanda. Nasema hivi ili mkisikia "kansa imeongezeka", muulize kwanza: wameongezeka wagonjwa, au yameongezeka macho?

Na je, kwa wasichana imeongezeka? Marekani, saratani ya titi kwa walio chini ya miaka 50 imekuwa ikipanda kidogokidogo, zaidi ya asilimia moja kila mwaka katika miaka ya karibuni. Watafiti wanatazama mambo ya uzazi, uzito wa mwili, pombe. Kwetu, ni kweli ukiingia wodi ya titi utakuta akina mama wadogo kuliko wa Ulaya. Sehemu kubwa ya sababu ni kwamba nchi yetu yenyewe ni changa. Zaidi ya nusu ya Watanzania hawajafika miaka 20. Ugonjwa wowote utakaoingia kwetu utakuta vijana wamejaa nyumbani.

Sasa naomba tuache minara, tuje kwenye kinachowaua wanawake wa nchi hii kweli. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Kila mwaka inawapata Watanzania zaidi ya 10,000, na zaidi ya nusu ya idadi hiyo wanafariki. Haitoki kwenye simu wala kwenye eksirei. Inatoka kwa kirusi kiitwacho HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70 ya lawama. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana na kirusi hiki, mwenye mume mmoja na asiye naye. Kwa walio wengi mwili unakifukuza. Kwa wachache kinakaa, miaka 15 au 20, kinageuza chembe taratibu. Kwa mwanamke mwenye VVU mwendo huo ni mfupi zaidi, na hatari yake ni mara sita.

Hapa ndipo linaporudi lile neno nililowaambia mlishike. Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ya kliniki, mwanamke akiambiwa na wifi yake kwamba kansa ya huko ni ya malaya. Alikuwa amekuja na kanga mbili, moja amejifunga chini kwa ajili ya majimaji yanayomtoka, na alikuwa amekaa na ugonjwa huo ndani miezi tisa kwa sababu ya neno hilo. Mollie Maggia alipewa kaswende baada ya kufa. Mama zetu wanapewa umalaya wakiwa hai, wakiwa bado wanaweza kutibika. Mimi nasema ni dhuluma, na nasema wanaolitamka neno hilo wanashiriki katika vifo.

Na kuna habari njema ambayo wengine mmeibeba mikononi na hamjui. Aprili 2018 Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14. Piga hesabu. Baadhi yenu mliomo ukumbini mlikuwa na miaka hiyo. Mnakumbuka manesi walikuja shuleni na yale mabegi ya baridi? Mnakumbuka na maneno ya mtaani, kwamba ni sindano ya uzazi wa mpango, wanataka tusizae? Rwanda wameitoa tangu 2011, na mabinti wa kwanza waliochanjwa kule sasa ni mama wenye watoto wao mgongoni. Aliyechomwa amshukuru aliyemshika mkono siku ile. Ambaye hakuchomwa asikate tamaa, aulize kituo cha afya kuhusu kipimo. Na mkiwa walimu, mtaletewa karatasi za ridhaa za wasichana wa miaka 9 hadi 14, siku hizi ni dozi moja tu. Mzazi atakuja mlangoni kwenu amekasirika. Mketisheni. Mwelezeni kama ninavyowaeleza.

Kipimo chenyewe kinawatisha wengi kwa kutokujua. Nesi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja, anatazama kwa taa. Palipoanza kuharibika panakuwa peupe. Kama pako padogo panaweza kutibiwa palepale kwa baridi au kwa joto, ukarudi nyumbani kwa miguu. Dakika chache, na hakuna mionzi.

Titi nalo mlijue kwa mikono yenu. Shangazi yangu alipata uvimbe kama kunde, upande wa kwapa. Haukuuma. Kwa kuwa haukuuma, akaona hauna haraka. Akaenda kwa mganga, akakandwa kwa majani, uvimbe ukawa kama limau. Mwaka mmoja na miezi miwili alinificha mimi, mtoto wa kaka yake, ambaye kazi yangu ndiyo hiyo. Siku aliponifungulia kanga, titi lilikuwa limepasuka na ngozi imekuwa kama ganda la chungwa. Nilimuuliza, shangazi, mbona hukuniambia? Akanijibu, "Mwanangu, wanaokwenda kupigwa mionzi hawarudi."

Nimelifikiria jibu lile miaka yote. Hakusema uongo. Wengi kijijini kwetu Muheza waliokwenda hawakurudi. Walikwenda kama alivyokwenda yeye, kidonda kimefunguka. Kila anayechelewa kwa hofu anakuwa ushahidi wa kumtisha anayefuata, naye akachelewa. Hofu yetu ya mionzi inawaua wanawake wengi kuliko eksirei zote nilizowahi kupiga.

Na pale tunapoitaka hiyo mionzi, mara nyingi haipo. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika kabisa. Mpya haikuwa tayari hadi mwisho wa 2017. Nchi nzima, karibu miaka miwili, mwenye nauli anakwenda Nairobi, asiye nayo anarudi kwao. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipotazama bara letu mwaka 2022 lilikuta zaidi ya nchi 20 hazina tiba hii kabisa. Sisi tunayo. Tunayo Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, katika lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari, na tunayo hospitali ya Bugando kule Mwanza. Kwa hiyo nikisikia mgonjwa wetu amepangiwa akakataa, naumia mara mbili.

Kikaratasi cha mwisho nimekiweka makusudi. Kimeandikwa kwa penseli, kimekunjwa mara nne. "Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Amepangiwa mionzi mara 25. Anasema bora afe nyumbani kuliko kuchomwa. Nimwambie nini?"

Binti yangu, kwanza pole. Mwambie hivi. Siku ya kwanza hatapigwa kitu. Atalala, watapima, watamchora alama ndogo za wino kwenye nyonga, asizisugue anapooga. Siku ya matibabu atalala kwenye kitanda kigumu, mashine itamzunguka bila kumgusa. Atasikia mlio kama wa feni kubwa. Fundi atatoka nje ya chumba, asiogope, anamwona kwenye kioo na anamsikia akiita. Ni dakika chache, haina moto, haina maumivu, atainuka avae gauni lake. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, na huenda mara moja kwa wiki akatundikiwa dripu ya dawa ya saratani. Baadaye kuna mionzi ya ndani, ambapo kifaa huingizwa ukeni kwa muda kisha kikatolewa. Hiyo ina adha kidogo, nao watampa dawa.

Usimfiche madhara. Wiki ya tatu atachoka, ataharisha, ngozi ya nyonga inaweza kuwa nyeusi. Kama bado anaona hedhi, itakoma. Mwambie mapema, ili ikitokea asidhani amedanganywa.

Na mwambie jambo moja ambalo hatakuuliza, ila ndilo linalowafanya wengi walie usiku: mionzi ya mashine haibaki mwilini. Akitoka mlangoni hana mionzi. Atapika, watu watakula. Atalala kitanda kimoja na wewe. Kama ana mjukuu, atampakata jioni hiyohiyo.

Akishasikia yote na bado anakataa, mpe namba yangu. Matroni anayo. Jumamosi sina zamu, nitapanda basi nije kwenu niketi naye.